Vichezeo vya Kujitengenezea katika Mtaa wa Mutakura, Bujumbura: Malighafi, Mnyororo wa Ujuzi na Nafasi ya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna watoto wa vizazi vilivyotangulia katika mtaa wa Mutakura, kaskazini mwa jiji la Bujumbura, walivyojitengenezea vichezeo kutokana na mimea, udongo na mabaki ya vitu vya mjini. Hoja kuu ni kwamba kupungua kwa vichezeo hivyo hakuelezwi vya kutosha na kuingia kwa vichezeo vya plastiki vya dukani. Sababu zenye uzito zaidi ni kubadilika kwa malighafi, kusinyaa kwa maeneo ya wazi, na kukatika kwa njia ambayo mtoto mkubwa humfundishia mdogo. Makala yanagusa pia suala la istilahi, kwa kuwa Burundi inafundisha Kiswahili shuleni ilhali vitabu havijakubaliana na mitaa kuhusu majina ya vitu ambavyo mtoto huvishika kila siku.

1. Mahali na swali

Mutakura ni mtaa wa kanda ya Cibitoke katika tarafa ya Ntahangwa, iliyokuwa moja ya tarafa tatu zilizobaki baada ya jiji la Bujumbura, lililokuwa na tarafa 13, kupangwa upya. Majirani zake ni Cibitoke yenyewe, Kamenge, Kinama, Ngagara na Buterere. Njia zake za ndani hutajwa kwa namba, si kwa majina ya watu mashuhuri, na mkazi akiulizwa anapoishi hutaja namba ya njia yake. Mitaa hii ya kaskazini iko ukingoni mwa tambarare ya Imbo. Upande mmoja kuna mji wenye gereji, maduka na viwanda. Upande mwingine kuna mashamba, mifereji na migomba. Juu yake kuna milima ambako familia nyingi zina asili yake. Mtoto wa Mutakura alikulia katika mpaka huo wa shamba na mji, na vichezeo vyake vilibeba alama za pande zote mbili. Ng'ombe wa udongo alitoka mlimani. Gari la waya lilitoka gereji.

Swali linalowahusu watafiti na washauri wa sera si kama vitu hivi vilikuwa vizuri. Ni kwa nini kizazi kimoja kilijua kuvitengeneza na kinachofuata kinajua kidogo, na je, pengo hilo lina gharama gani? Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Burundi iliuridhia mwaka 1990, unatambua katika ibara ya 31 haki ya mtoto ya kupumzika na kucheza. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa 1990 unarudia jambo hilo katika ibara ya 12. Mara nyingi haki hii hufasiriwa kama ahadi ya kuletewa: kiwanja kijengwe, bembea ziwekwe, mipira igawiwe. Historia ya Mutakura inaonyesha kwamba kwa muda mrefu watoto walijitimizia haki hiyo wenyewe, mradi mambo fulani machache yawepo. Mambo hayo ndiyo kiini cha makala haya.

2. Mpira

Inafaa kuanza na mpira, kwa kuwa ndio kichezeo kilichoenea kuliko vyote na ndio unaoonyesha vizuri zaidi jinsi malighafi inavyoamua umbo.

Mpira wa awali kabisa katika nchi za migomba ni wa majani makavu. Burundi ni nchi ya migomba, na majani yake makavu pamoja na maganda ya shina yalipatikana hata katika viwanja vya mjini, ambako kila mji ulikuwa na migomba miwili mitatu nyuma ya jiko. Jani lililokauka sana huvunjika, na lililo bichi hunyauka na kuacha mpira ukiwa umelegea. Kwa hiyo mtoto alitafuta lile lililokauka huku likiwa bado na unyevu kidogo, mara nyingi asubuhi kabla jua halijalikausha zaidi. Alilikunja kuwa donge gumu, akaongeza tabaka juu ya tabaka, kisha akafunga kwa kamba iliyosokotwa kutokana na ganda la mgomba au katani. Ufungaji ulikuwa kazi ya fundi. Kamba ilizungushwa kwa njia zinazopishana, na kila ilipokutana na nyingine ikapitishwa chini yake, hata mpira ukavikwa wavu kamili. Wavu ukiwa na matundu mapana, mpira hufumuka baada ya mateke machache. Ukiwa wa kubana mno, mpira huwa jiwe na kuumiza vidole vya miguu visivyo na viatu.

Mpira wa majani hauruki. Hilo liliamua namna ya kuucheza: pasi za chini, chenga za karibu, na kuubeba zaidi kuliko kuupiga. Katika mvua za Bujumbura, zinazoanza takriban Oktoba na kuendelea hadi Mei, mpira huo hunywa maji, huwa mzito, na baada ya siku chache huoza. Watoto walikuwa tayari kuufanya upya, na pengine ndiyo sababu ujuzi wake ulibaki hai: kitu kinachooza kila juma hufundishwa kila juma.

Mfuko wa plastiki ulibadilisha hayo yote. Ulipoenea madukani na sokoni, ukawa moyo wa mpira. Mifuko iliyokunjwa huku ikiwa na hewa kidogo ndani hutoa donge jepesi lenye mruko, lisilonywa maji na lisilooza. Juu yake zilivishwa soksi kuukuu au matambaa, kisha kamba. Wapo waliogundua kwamba kondomu, zilipoanza kusambazwa kwa wingi katika kampeni za kupambana na UKIMWI, hupulizwa na kuwa kibofu kizuri cha ndani, chenye mruko unaokaribia wa mpira wa dukani. Ubunifu huo ulijulikana katika miji mingi ya Afrika Mashariki na uliwaaibisha watu wazima kuliko watoto, ambao walijali mruko tu. Tanzania Bara mpira wa aina hii na mchezo wake wa mitaani hujulikana kwa jina la chandimu. Wasichana walikuwa na wao mdogo wa soksi uliotumika katika mchezo wa rede.

Kisha likaja katazo. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008. Kenya ikafuata tarehe 28 Agosti 2017. Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Burundi ilitoa amri yake Agosti 2018 na kuwapa wafanyabiashara miezi 18 ya kumaliza akiba zao. Hakuna mtu mwenye nia njema anayeweza kuilaumu hatua hiyo, hasa kwa jiji ambalo mifereji yake huziba na maji kuingia nyumbani. Lakini katika mjadala wote wa kanda kuhusu mifuko, waliozingatiwa walikuwa wenye viwanda, wenye maduka na wenye mifugo. Mtumiaji mmoja mkubwa wa mfuko uliokwisha kutumika, yaani mtoto mwenye mpira, hakuwa na msemaji. Si kwamba alistahili kusamehewa katazo. Ni kwamba katazo lilimrudisha kwenye jani la mgomba wakati ambapo migomba ya uani ilikuwa imekatwa kupisha vyumba vya kupangisha, na fundi wa kufunga wavu alikuwa ameshasahau au ameshahama. Aliyebaki na soksi na matambaa matupu ana mpira unaolowa na usioruka.

3. Gari la waya na uchumi wa mabaki

Kama mpira ulitoka shambani na kuingia mjini, gari la waya ni mtoto halisi wa mji. Malighafi zake ni orodha ya biashara za Bujumbura: waya wa uzio na wa kufungia mizigo, spoku za baiskeli, mikebe ya samaki na ya nyanya, vifuniko vya chupa, kandambili zilizokatika. Kiwanda cha Brarudi, kilichoanzishwa mwaka 1955, kimemwaga katika mitaa ya jiji vifuniko visivyo na hesabu, na kila kifuniko kilikuwa gurudumu linalosubiri tundu la msumari. Baiskeli zinazoshuka kutoka milimani na ndizi au makaa, madereva wao wakiinama juu ya usukani, ziliacha kwa mafundi mipira ya ndani iliyotoboka. Mpira huo uliokatwa vipande vyembamba ulikuwa kamba, gundi na springi kwa wakati mmoja. Ndio pia uliotumika katika manati.

Aina rahisi ya gari ilikuwa ya mkebe: mkebe wa samaki ulalao, vijiti viwili vimepita tumboni mwake, magurudumu manne ya kandambili au vifuniko, na uzi mbele wa kuvutia. Mtoto wa miaka mitano aliweza kulitengeneza akielekezwa. Gari la waya lilihitaji miaka kadhaa zaidi. Kiunzi chake kilikunjwa kwanza kwa waya mzito, kikionyesha boneti, kioo, paa na nyuma. Kisha viungo vikafungwa kwa waya mwembamba au vipande vya mpira. Mhimili wa nyuma ulikaa imara. Wa mbele ulipaswa kugeuka, na hapo ndipo ulipopatikana ufundi. Waya mrefu ulitoka kwenye mhimili wa mbele, ukapita juu ya paa na kuinuka hadi kiunoni mwa dereva, ambako ulikunjwa kuwa usukani wa duara. Mtoto alitembea nyuma ya gari akiligeuza bila kuinama.

Matatizo aliyokutana nayo yalikuwa ya kweli, na alipaswa kuyatatua bila kitabu. Kitanzi kinachoshika mhimili kikibana, gurudumu halizunguki. Kikilegea, gari huyumba. Gurudumu linalosuguana na kiunzi hukwama, kwa hiyo kipande kidogo cha kandambili huwekwa katikati. Gari likiwa jepesi mbele, usukani hugeuka lakini magurudumu huteleza bila kufuata, kwa hiyo jiwe dogo huwekwa chini ya boneti. Mwalimu wa fizikia ataona humo msuguano, uzito na nyenzo. Mtoto aliona gari linalokwenda na gari lisilokwenda, na alijua tofauti yake kwa mkono kabla ya kujua jina lake.

Gari hilo pia lilikuwa picha ya mji. Lori lenye tela, basi dogo la Toyota Hiace, gari la askari: kila kilichopita barabarani kilionekana baada ya siku chache kikiwa cha waya. Ubora ulipimwa kwa ufananaji, na watengenezaji mahiri walijulikana njia tatu mbele. Baadhi yao waliagizwa kazi na wenzao kwa malipo ya golori, embe au zamu ya kuendesha baiskeli. Itakuwa ni kukuza mambo kuita hayo kiwanda, lakini si kukuza kusema kwamba palikuwa na oda, sifa na bei.

Mpaka kati ya kichezeo na chombo cha kazi haukuwa mkali. Ushahidi wake bora uko ng'ambo ya Rusizi na kaskazini zaidi, mjini Goma, ambako chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na pedali, hubeba mizigo ya mamia ya kilo na imejengewa sanamu katika mzunguko wa barabara. Watoto wa eneo hilo la Maziwa Makuu wana chukudu zao ndogo za kuteremkia milima. Haina maana kuuliza ipi ilitangulia: mtoto aliyejua kulisawazisha dogo alikuwa ameshajua nusu ya kazi ya kubwa.

4. Udongo, bunzi na bua

Vichezeo vya mimea na udongo vinaelezeka kwa ufupi zaidi, si kwa sababu vina thamani ndogo, bali kwa sababu mbinu zake zinafanana katika sehemu kubwa ya kanda. Udongo wa mfinyanzi, unaoitwa ibumba kwa Kirundi, ulifinyangwa kuwa ng'ombe wenye pembe ndefu, ndama, na wakati mwingine zizi zima. Katika nchi ambayo salamu yenyewe humtakia mtu makundi ya ng'ombe, mtoto wa mjini asiye na ng'ombe hata mmoja aliweza kuwa na kumi kabla ya mchana. Mabua ya mahindi na mtama yalitoa maganda ya kukunja na kiini laini cha kuunganishia: miwani, vitanda, mikokoteni. Kikonyo cha jani la mpapai, kilicho wazi ndani, kilikuwa filimbi na pia bomba la kupulizia mapovu ya sabuni.

Wasichana walitengeneza mwanasesere kwa bunzi la mahindi, na nyuzi za hindi bichi zikawa nywele za kusukwa. Wengine walitumia shungi la nyasi lililong'olewa na mizizi yake. Mizizi ikaoshwa na kuchanwa. Mwanasesere alivikwa kitambaa, akabebwa mgongoni, akalishwa, akaugua na kupelekwa kwa daktari. Ni jambo la kusikitisha kwamba maelezo mengi ya vichezeo vya Kiafrika, yakiandikwa na wanaume, hutumia kurasa kumi kwa gari la waya na mistari miwili kwa mwanasesere. Makala haya hayajaepuka kosa hilo kikamilifu. Sababu moja ni kwamba gari hudumu na huweza kukusanywa na kuwekwa katika kabati la makumbusho, ilhali mwanasesere wa bunzi hunyauka jioni. Kisichodumu hakipigwi picha, na kisichopigwa picha husahaulika katika sera.

Pwani ya Bahari ya Hindi kuna mifano sambamba: vidau na ngalawa ndogo ambazo watoto wa Lamu na Zanzibar huzishindanisha majini, tiara za karatasi angani, na pia ya mti inayozungushwa kwa uzi. Malighafi ni nyingine, bali kanuni ni ile ile, kwamba mtoto huunda kwa kile ambacho watu wazima wamekwisha kukitupa au hawakihitaji.

5. Mnyororo wa ujuzi na namna ulivyokatika

Ujuzi huu una sifa moja ambayo mara nyingi haizingatiwi. Hautoki kwa mzazi kwenda kwa mtoto, kama ufinyanzi au ususi wa mikeka. Hutoka kwa mtoto wa miaka kumi au kumi na miwili kwenda kwa mwenye miaka sita au saba. Mzazi aliyewahi kuwa fundi wa gari la waya ameacha kazi hiyo tangu ubalehe, na akiombwa aionyeshe vidole vyake husita. Kwa hiyo kizazi cha vichezeo hakihesabiwi kwa miaka 25 au 30 bali kwa minne au mitano. Hii ina maana mbili. Mbinu mpya huenea upesi sana. Na ukitokea mkatiko wa miaka mitano tu, mbinu ya zamani yaweza kutoweka ingawa mabibi na mababu wote wako hai.

Mutakura imepata mikatiko ya namna hiyo zaidi ya mara moja. Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993, mitaa ya Bujumbura iligawanyika kikabila. Familia zilihama kutoka mtaa mmoja hadi mwingine, na nyingine zikavuka mipaka. Mwaka 2015, maandamano ya kupinga muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza yalipoanza mwishoni mwa Aprili, Mutakura na Cibitoke zilikuwa miongoni mwa mitaa iliyoona vizuizi vya barabarani, milio ya risasi usiku na misako. Kufikia 2017 zaidi ya Warundi 400,000 walikuwa wakimbizi katika nchi jirani. Vijana wa miaka kumi na miwili au kumi na mitano, yaani hasa wale ambao katika hali ya kawaida wangewafundisha wadogo, walikuwa miongoni mwa waliofichwa ndani, waliopelekwa mlimani kwa ndugu au waliokimbia. Njia zenye namba, ambazo zilikuwa uwanja wa magari ya waya, zikawa mahali ambapo mzazi hakumruhusu mtoto kukaa baada ya saa kumi jioni.

Vita vilibadilisha pia maana ya kuokota. Uchumi wote wa kichezeo cha kujitengenezea unategemea mtoto kuokota kitu asichokijua na kujiuliza kitafaa nini. Nchini Burundi gurunedi zilisambaa mikononi mwa raia katika miaka ya vita, na ajali za watoto waliookota kilipuzi wakakichezea zimeripotiwa mara kwa mara. Mzazi anayemwambia mtoto asiguse chuma chochote kilicho chini ana haki kabisa. Amri hiyo, hata hivyo, ikifuatwa kikamilifu, inaondoa gari la waya pamoja na gurunedi. Hapa ndipo penye ugumu halisi wa kisera: tahadhari inayookoa maisha ndiyo hiyo hiyo inayofunga karakana. Elimu ya hatari za vilipuzi inayotolewa kwa watoto kwa kawaida husema “usiguse”. Inaweza pia kusema waya, mikebe na vifuniko salama vinapatikana wapi, na ikifanya hivyo itasikilizwa zaidi, kwa kuwa mtoto anayenyimwa bila kupewa hutafuta peke yake.

Sababu ya tatu ni ardhi, nayo haihitaji maelezo marefu. Jiji limekua, viwanja vilivyokuwa wazi vimejengwa, na chumba cha kupangisha kina faida kuliko mgomba. Tangu ada za shule ya msingi zifutwe mwaka 2005, madarasa yamejaa, na hata uwanja wa shule huwa na miguu mingi kuliko nafasi. Machi 2022 mamlaka ziliondoa baiskeli na pikipiki za kubeba abiria katikati ya jiji. Hatua hiyo ilikuwa ya usafiri, wala hakuna aliyefikiria manati alipoitangaza. Hata hivyo, mafundi baiskeli wanapohama, mipira ya ndani na spoku huhama nao.

6. Majina: Kirundi mdomoni, Kiswahili kitabuni

Mtoto wa Mutakura huzungumza Kirundi nyumbani, husikia Kiswahili sokoni na kutoka mitaa ya Buyenzi na Bwiza, na hukutana na Kifaransa darasani. Kiswahili na Kiingereza viliingizwa katika shule za msingi za Burundi katikati ya miaka ya 2000, muda mfupi kabla nchi haijajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Kwa hiyo jina la kichezeo lina njia kadhaa za kufika kinywani.

Kirundi kina nyenzo nyepesi ya kugeuza kitu cha watu wazima kuwa cha watoto: kiambishi cha udogo. Umuduga ni gari. Akaduga ni kigari. Umupira ni mpira. Agapira ni kijipira, na hapo k ya kiambishi imekuwa g kwa kanuni ya kawaida ya lugha hiyo mbele ya konsonanti isiyo na mghuno. Kiswahili sanifu kina ki- na kiji-, lakini viambishi hivyo mara nyingi hubeba dharau au kasoro, ilhali ka- ya Kiswahili cha mashariki ya Kongo iko karibu zaidi na mapenzi. Mwandishi wa kitabu cha kiada anayeandika “kigari cha waya” yuko sahihi kisarufi, lakini mtoto hasikii humo kitu alichokitengeneza usiku kucha.

Hata neno la jumla halijatulia. Baadhi ya maandishi hutumia mwanasesere kwa maana ya kichezeo chochote, na hivyo gari la waya linakuwa mwanasesere, jambo ambalo fundi wake angelipinga kwa nguvu. Mdoli una finyo hilo hilo. Kitu cha kuchezea ni maelezo, si jina. Kichezeo, lililoundwa kutokana na kuchezea kwa utaratibu ule ule uliotupa kipimo na kifuniko, ni neno jepesi, lina wingi wake, na halimwachi mtu yeyote nje. Ndilo lililotumika katika makala haya.

Kuna pia njia ya tatu ya maneno, ambayo wapangaji wa mitaala wameitumia kidogo mno. Warundi wengi wamekulia Tanzania: waliokimbia mwaka 1972 walikaa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, waliofuata walikaa kambi za Kigoma, ikiwemo Mtabila iliyofungwa Desemba 2012, na baada ya 2015 Nyarugusu, Nduta na Mtendeli. Mtoto aliyerejea kutoka huko alijua manati na kishada kwa Kiswahili kabla ya kujua majina yake kwa Kirundi. Shuleni mara nyingi alihesabiwa kuwa na upungufu, kwa sababu Kirundi chake kilikuwa na kasoro na Kifaransa hakuwa nacho. Katika somo la Kiswahili juu ya vichezeo, yeye ndiye angekuwa mwalimu.

7. Kinachowezekana

Mapendekezo machache yanafuata kutokana na maelezo haya, na yote ni ya gharama ndogo.

La kwanza linahusu muda. Kwa kuwa ujuzi hupita kati ya watoto wa umri unaokaribiana, kumwalika mzee aje kuonyesha mara moja kwa mwaka, katika Siku ya Kimataifa ya Kucheza ya tarehe 11 Juni au siku nyingine, hakutoshi kuurejesha. Kinachohitajika ni mzee mmoja na wanafunzi wa darasa la tano kwa wiki kadhaa, kisha hao wa darasa la tano wakae na wa darasa la kwanza bila mtu mzima kuingilia sana. Shule za msingi zinazofundisha kwa zamu zina kizuizi hapa: wakubwa na wadogo hawakutani. Mkuu wa shule anayepanga zamu kwa kuchanganya umri, badala ya kutenganisha, ameshafanya nusu ya kazi.

La pili linahusu malighafi. Mamlaka za jiji zinapotunga kanuni za taka, zinaweza kutenga katika vituo vya kukusanyia sehemu ya waya, mikebe iliyolainishwa kingo, vifuniko na mipira ya baiskeli kwa ajili ya shule. Vitu hivyo vikiwa vimekaguliwa, hofu ya mzazi kuhusu chuma kilichookotwa hupungua kwa sababu halali. Kuhusu mpira, katani na ganda la mgomba vinaweza kununuliwa kwa bei ndogo kutoka tambarare ya Imbo, na moyo wa mpira waweza kuwa vipande vya mpira wa baiskeli vilivyofungwa kwa kubana, ambavyo huruka vizuri kuliko soksi na havinywi maji.

La tatu ni la wanaisimu. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yenye makao yake Zanzibar, pamoja na vyuo vya Burundi, inaweza kukusanya majina ya vichezeo katika nchi wanachama: neno la pwani, la Kongo, la kambini, na la Kirundi pale lisipo na mwenzake. Mkusanyo huo ufanywe na watoto wakiwepo na kitu chenyewe kikiwa mkononi. Mtoto akiulizwa kipande hiki kidogo cha kandambili, kinachozuia gurudumu lisiguse kiunzi, kinaitwaje, atakuwa na jibu. Na kamusi zetu hazina neno lake.